UZI: Serikali iliyodumu saa saba tu. Sydney, 20 Desemba 1921

Mzee Kizibo (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Jana kijiweni kwetu Buguruni ulizuka ubishi mpaka kahawa ikapoa. Jamaa mmoja, muuza vitenge, anasema hakuna serikali duniani iliyokufa haraka kama ya yule mama wa Uingereza, Liz Truss, siku 49 mwaka 2022. Nikamwambia kaka, siku 49 ni nyingi, kuku wa kisasa anakuwa ameshauzwa na kuliwa na mifupa imeshatupwa. Ipo serikali iliyodumu saa saba. Wakanicheka. Mmoja akaniuliza "saa saba ya mchana au ya usiku?"

Basi nashusha hapa, maana kijiweni hawasikilizi, wanasubiri zamu ya kuongea.

Nchi ni Australia. Jimbo ni New South Wales, makao makuu Sydney. Siku yenyewe Jumanne, 20 Desemba 1921. Mhusika ni Sir George Fuller, mwanasheria mzaliwa wa mji mdogo wa pwani unaoitwa Kiama, wakati huo ana umri wa miaka 60. Kabla ya hapo alishakaa bunge la shirikisho tangu lilipoanza 1901, akawahi kuwa waziri wa mambo ya ndani wa nchi nzima. Si mtu wa kuokotwa. Siku ile akaapishwa kuwa kiongozi wa serikali ya jimbo pamoja na mawaziri wake, na siku hiyohiyo wakawa nje.

Hakuna aliyekufa wala risasi iliyolia. Iliyowaua ni hesabu ya kiti kimoja, na hicho kiti ndicho nilichokuja kukieleza. Kaeni.

NdiziMzuzu

Nipo siti ya mbele na karanga zangu.

Mwalimu wa Zamu

Marekebisho kidogo kabla hatujaendelea. Sijui kwa nini watu siku hizi wanaandika "masaa". Nakupongeza mleta mada kwa kuandika "saa saba".

Dereva wa Kigogo

Mwalimu, sasa atatofautishaje na saa saba mchana? Ndiyo maana tunasema masaa. Kiswahili kinakua.

Mzee Kizibo

Huo uzi wenu fungueni jukwaa la lugha, msiniharibie.

Chogo

Mkuu nimetafuta mtandaoni, mashine ya kutafsiri imeniandikia "Wizara ya Fuller". Ilikuwa wizara ya nini? Ardhi? Maji?

Mzee Kizibo

Swali zuri sana na ndilo linalowapoteza wengi. Waingereza na watoto wao wa kisiasa wana neno moja ambalo mara linamaanisha wizara kama tunavyoijua sisi, mara linamaanisha mawaziri wote kwa ujumla wao chini ya mkubwa mmoja. Kwa hiyo ukisoma historia ya Australia ukakuta "wizara ya Storey", "wizara ya Dooley", "wizara ya Fuller", soma tu "serikali ya Storey", "serikali ya Dooley". Ni timu nzima. Kocha akiondoka, timu imeondoka.

Na kila jimbo kule lina bunge lake, gavana wake anayemwakilisha mfalme, na mkuu wake wa serikali. Huyo mkuu wa jimbo sijapata jina zuri la Kiswahili. Si Waziri Mkuu, maana huyo wa nchi yupo. Si mkuu wa mkoa.

Bi Mkubwa wa Malindi

Mwanangu, jina lipo tele. Sie Unguja tulikuwa naye Waziri Kiongozi mpaka 2010. Anaongoza baraza la mawaziri la Zanzibar, na huku Waziri Mkuu wa Muungano yupo. Liazime hilo.

Mzee Kizibo

Ahsante sana Bi Mkubwa, nalichukua. Kuanzia hapa Fuller ni Waziri Kiongozi.

Sasa turudi nyuma mwaka mmoja na ushee, bila hivyo hamtaelewa.

Machi 1920 New South Wales walifanya uchaguzi kwa mtindo mpya. Badala ya jimbo moja la uchaguzi mbunge mmoja, walichora majimbo makubwa ya uchaguzi 24. Tisa yakatoa wabunge watano watano, kumi na tano yakatoa watatu watatu. Jumlisheni wenyewe, 90. Kura zikahesabiwa kwa uwiano. Mnajua uwiano unavyofanya, kila mwenye kikundi anapata chochote. Labor, chama cha wafanyakazi, wakapata viti 43. Wanashonalisti, chama cha Fuller, 28. Waprogresivu, ambao ni mchanganyiko wa wakulima wa bara na baadhi ya watu wa mjini, 15. Waliobaki wanne ni wa kujitegemea na vichama.

Yule aliyekuwa Waziri Kiongozi, William Holman, alianguka hadi kwenye kiti chake mwenyewe cha ubunge. Huyu Holman aliwahi kuwa Labor, akafukuzwa 1916 walipogombana kuhusu kuwalazimisha vijana kwenda vitani, akajiunga na wapinzani wake wa jana wakaunda huo Unashonalisti. Fuller alikuwa naibu wake. Mkubwa alipoanguka, Fuller akarithi uongozi wa upinzani.

Upande wa pili kiongozi wa Labor ni John Storey, fundi wa maboila ya meli. Ana 43 na anahitaji 46 ndiyo apumue. Hana.

Chogo

Akaungana na nani?

Mzee Kizibo

Hakuungana na chama. Aliokota mmoja mmoja. Na hapa kuna mtu lazima nimtaje hata kama natoka kidogo nje ya mada: Percy Brookfield, mbunge wa huko machimboni Broken Hill, kwenye chama kidogo cha kisoshalisti kilichoona Labor ni laini mno. Alimpa Storey kura yake kwa masharti. Kulikuwa na wanaume 12 wa umoja mmoja wa wafanyakazi wenye msimamo mkali, si Labor, waliofungwa Sydney wakati wa vita, kesi iliyonuka. Brookfield akataka ichunguzwe upya. Storey, ambaye asingeweza kupoteza hata kura moja, akaunda tume chini ya jaji kutoka Tasmania, na mwaka huohuo wa 1920 kumi kati ya wale 12 wakatoka gerezani. Hivyo ndivyo kura moja inavyofungua mlango wa jela.

Brookfield mwenyewe aliuawa Machi 1921. Alikuwa safarini, treni imesimama stesheni ya Riverton huko Australia Kusini, mtu akaanza kufyatua bastola ovyo kwenye abiria. Brookfield akamvamia amnyang'anye. Akapigwa risasi, akafa. Kiti chake kikajazwa bila uchaguzi mdogo, kwa sababu ya ule mfumo wa uwiano, kama viti maalumu vyetu vinavyojazwa kutoka orodhani.

NdiziMzuzu

Daah. Huyo nae anahitaji uzi wake.

Dereva wa Kigogo

Mleta mada una mbwembwe. Fuller yuko wapi? Saa saba zimeshapita hapa.

Mzee Kizibo

Haya, kiti.

Bunge likikutana lazima lichague Spika. Spika akishakaa pale juu hapigi kura ya kawaida. Anapiga tu pale kura zinapogongana sawa kwa sawa. Maana yake chama kinachotoa Spika kimejikata kidole.

Jana kijiweni nilichukua vizibo vya drafti. Nikapanga vitano kifudifudi, hao ni Labor na marafiki zao. Vitano chali, hao ni upinzani wote. Kila kizibo kimoja hesabu wabunge tisa, isipokuwa nitakachokigusa, hicho kihesabu kama mtu mmoja, msinibane kwenye hesabu. Muuza vitenge akauliza nani anashinda. Nikamwambia hakuna. Halafu nikachukua kizibo kimoja cha chali, nikakiweka pembeni juu ya kopo la sukari. "Huyu amekuwa Spika." Sasa kifudifudi vitano, chali vinne. Nikakirudisha, nikachukua kimoja cha kifudifudi nikakipandisha juu ya kopo. Kifudifudi vinne, chali vitano. Hakuna mtu aliyehama chama. Hakuna aliyenunuliwa. Kilichobadilika ni nani kakaa juu ya kopo.

Storey alifanya nini 1920? Alimpata Mnashonalisti akubali kukaa juu ya kopo. Mwanasheria aliyeitwa Daniel Levy, mzaliwa wa London, ambaye alikuwa Spika tayari tangu 1919. Levy akakubali kuendelea, na kwa kukubali akawapunguzia wenzake kura moja. Serikali ya Labor ikaishi mwaka mmoja na nusu kwa sababu mpinzani alikubali kukaa kimya kwenye kiti kizuri.

Mwalimu wa Zamu

Alilipwa?

Mzee Kizibo

Uspika una mshahara na heshima yake kila mahali, Mwalimu. Lakini sitaki kumpaka matope. Mtu anaweza kupenda kazi tu. Levy alikuja kuwa Spika kwa vipindi tofauti mpaka alipofariki 1937, chini ya serikali za rangi tofauti. Mimi naona alikuwa mtu wa kiti kuliko mtu wa chama, basi.

Chogo

Swali la kijinga: si umesema Spika anapiga kura zikigongana? Kwa hiyo anayo kura.

Mzee Kizibo

Si la kijinga. Wabunge 90, toa Spika, wanabaki 89. Namba witiri haigongani wote wakiwepo. Kura yake inalala mpaka mtu augue au asafiri.

Sasa kaza mkanda. Oktoba 1921 Storey akafariki. Akashika James Dooley, Mwairishi kwa kuzaliwa, fundi cherehani. Desemba, Levy akajiuzulu uspika akashuka chini kwa wenzake. Labor wakalazimika kutoa mtu wao, Simon Hickey, akapanda juu ya kopo. Mmeshaona hapo. Kifudifudi vinne, chali vitano. Serikali ya Dooley ikashindwa kwa kura bungeni.

Dooley akaenda kwa Gavana, Sir Walter Davidson, akamwomba avunje bunge waende kwa wananchi. Gavana akakataa. Kwa desturi yao, gavana anaweza kukataa ikiwa anaona bunge hilohilo lina mtu mwingine anayeweza kuunda serikali. Akamwita Fuller.

Fuller anahitaji Waprogresivu. Hapo ndipo chama chao kilipopasuka katikati. Baadhi, akiwemo kiongozi wao Walter Wearne, wakasema tuingie. Kundi la wabunge wa mashambani wakagoma kumezwa na watu wa Sydney. Aliyewaongoza ni Michael Bruxner, luteni kanali wa askari farasi wa vita vya 1914 hadi 1918, mtu wa Tenterfield kule kaskazini. Wakaitwa Bluu Halisi, na kutoka kwao ndiyo kikazaliwa chama cha vijijini cha jimbo hilo, ambacho uzao wake upo mpaka leo. Yaani serikali ya saa saba iliacha mtoto mwenye umri wa zaidi ya miaka mia.

Tarehe 20 Fuller akaapa na mawaziri wake. Wakaingia bungeni. Kizibo cha Labor kipo juu ya kopo, kwa hiyo kwenye makaratasi Fuller anaongoza kwa kura moja. Kisha Hickey akashuka.

NdiziMzuzu

Weee! Levy akapanda tena?

Mzee Kizibo

Levy akapanda tena. Mtu wa Fuller mwenyewe. Kifudifudi vitano, chali vinne. Fuller akakwama kwenye kura. Akaenda kwa Gavana kuomba bunge livunjwe. Davidson akamjibu kama alivyomjibu Dooley: hapana. Akaachia ngazi. Dooley akaitwa, akaapishwa upya usiku uleule. Jimbo moja, siku moja, Mawaziri Viongozi wawili kwa zamu tatu: Dooley, Fuller, Dooley.

Dereva wa Kigogo

Hii chai. Mtu akuangushe wewe wa chama chake mwenyewe halafu apewe tena uspika?

Mzee Kizibo

Si chai. Na kibaya zaidi, Fuller alipokuja kushinda kweli, uchaguzi wa 25 Machi 1922, akaongoza mpaka Juni 1925, Spika wake alikuwa nani? Levy.

Hapo ndipo ninapopenda kisa hiki. Mnaotafuta msaliti hamumpati. Ukimlaumu Levy kwa kupanda Desemba 20, mlaumu pia kwa kushuka wiki moja kabla, maana kushuka kwake ndiko kulikompa Fuller nafasi. Ukimlaumu Gavana kwa kumkatalia Fuller, basi alishamkatalia Dooley kwanza, na kukataa huko ndiko kulikomwingiza Fuller. Vitu vilevile viwili vilivyomweka ndivyo vilivyomtoa, kwa mpangilio uleule, saa chache baadaye.

Bi Mkubwa wa Malindi

Mwanangu, sie hilo la kugongana tushaliona kwa macho yetu, na halikuisha kwa kicheko. Uchaguzi wa Januari 1961 Zanzibar, viti 22. Afro-Shirazi kumi, Hizbu tisa, ZPPP watatu. Chake Chake Afro-Shirazi walishinda kwa kura moja tu. Wale watatu wa ZPPP wakagawika, wawili wakenda Hizbu, mmoja akenda Afro-Shirazi. Kumi na moja kwa kumi na moja. Serikali haikuundika. Wakaongeza kiti cha 23 wakarejea uchaguzi Juni, na kuanzia siku hiyo zikapigwa mpaka watu 68 wakafa. Huko kwa huyo Fuller wako walirudi majumbani wakala chakula cha Krismasi.

Mzee Kizibo

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimesoma mara mbili. Kule namba witiri iliwapa mshindi wa kura moja kila saa. Kwenu namba shufwa ikafunga mlango kabisa.

Bi Mkubwa wa Malindi

Marahaba. Hiyo namba 23 walioiweka walijua wanachokifanya. Lakini kuongeza kiti hakuongezi mapenzi.

Mtu wa Kashozi

Mkuu, huyo Gavana Davidson. Jina lake nishawahi kukutana nalo sehemu nyingine kabisa. Ndiye aliyekuwa Shelisheli?

Mzee Kizibo

Ndiye! Nilikuwa naiweka akiba hiyo. Kabla ya Sydney alikuwa gavana wa Shelisheli, 1904 mpaka 1912, halafu Newfoundland (Kanada ya leo), ndipo 1918 akaja New South Wales.

Mtu wa Kashozi

Basi wakati wake pale kisiwani ndiko alikokuwa Omukama Kabalega wa Bunyoro uhamishoni. Walikamatwa yeye na Kabaka Mwanga 1899, wakapelekwa huko. Mwanga alishafia huko 1903, kabla Davidson hajafika. Prempeh mfalme wa Asante (Ghana ya leo) naye alikuwepo. Yaani huyu bwana alikuwa analinda wafalme wawili waliong'olewa, halafu anakwenda Sydney kung'oa na kurudisha mawaziri.

Mwalimu wa Zamu

Kabalega alirudi kwao?

Mtu wa Kashozi

Aliruhusiwa 1923 akiwa mzee. Alifia Jinja njiani, hakuliona tena jumba lake.

Mzee Kizibo

Na Davidson akafia Sydney Septemba mwaka uleule wa 1923, akiwa bado gavana.

Chogo

Sasa mkuu, hii ndiyo serikali fupi kuliko zote Australia?

Mzee Kizibo

Kwa saa, ndiyo ninayoijua mimi. Lakini ina ndugu. Queensland 1899 Anderson Dawson aliongoza serikali ya Labor kwa siku saba hivi, ya kwanza ya chama cha wafanyakazi popote duniani, na humo alikuwemo Andrew Fisher aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa nchi. Tasmania Oktoba 1909, John Earle, wiki moja. Victoria Desemba 1913, George Elmslie, tarehe 9 mpaka 22. Hao wote walikuwa Labor wanaopewa kiti wakati wakubwa wanagombana, wakubwa wakipatana kiti kinachukuliwa. Fuller ndiye tofauti, yeye alikuwa mmoja wa wakubwa.

Nyingine ya pembeni kwa wapenda visa: waziri wa sheria wa Fuller kwenye ile serikali ya 1922 aliitwa Thomas Ley. Huyu mwaka 1947 huko Uingereza alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji, wakamkuta ana wazimu, akapelekwa hospitali ya Broadmoor akafia huko. Waziri wa sheria, wakuu. Na mweka hazina wa Storey na Dooley ni Jack Lang, ambaye 1932 akiwa Waziri Kiongozi alifukuzwa kazi na gavana mwingine. Sydney ya miaka ile haikuchosha.

Dereva wa Kigogo

Sawa, nimekubali, si chai. Ila bado sijaelewa hiyo ya vizibo tisa kwa mmoja.

Mzee Kizibo

Chukua vizibo kumi, gawa tano tano, kimoja weka juu ya kitu chochote. Hesabu waliobaki. Badilisha aliye juu. Hesabu tena. Usitumie akili nyingi.

NdiziMzuzu

Mimi nimejaribu na karanga hapa nyumbani, namwelekeza mke wangu. Nimepanga tano za maganda, tano zilizomenywa, Levy nimemweka juu ya kifuniko cha chupa. Nimegeuka kuchukua simu niwapigie picha.

Mtoto amemla Spika.